Kilo Sita za Maharage

Uthmani alikuwa ameshachagua. Alitaka darubini kubwa, ile yenye lenzi ya milimita mia moja na ishirini. Bintiye Houda alikuwa dukani Brussels, simu sikioni, na kesho yake angepanda ndege kurudi Bujumbura. Sanduku lake lilikuwa na nafasi ya darubini moja tu.

"Baba, muuzaji anauliza stendi yako inabeba kilo ngapi. Kubwa iko na kilo sita. Ndogo, mbili na nusu."

"Inabeba."

"Ulishapima?"

Hakuwa amepima. Stendi aliiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu, katika karakana yake ya pikipiki pale Nyakabiga, akaitia mota ndogo ya kuzungusha darubini polepole ifuate nyota. Galaksi alizotaka kupiga picha zina mwanga hafifu. Picha moja hula dakika kadhaa, na muda wote huo darubini haitakiwi kutikisika. Miezi minane alikuwa akiisifu stendi hiyo mtaani.

"Nipe nusu saa," akasema.

Aliazima maharage dukani kwa Carmen, kilo sita juu ya mizani, akayafunga kwenye stendi. Gélase, aliyekuja kuchukua pikipiki yake, akavuta kiti.

"Fundi, sasa unapiga picha maharage?"

"Nyamaza, we. Angalia sindano."

Sindano aliyoifunga kwenye mhimili wa stendi ilipaswa kupita juu ya alama za chaki bila kusita. Mota ikaguna. Sindano ikasimama, kisha ikaruka alama mbili kwa mpigo. Uthmani akakaza skrubu, akatia grisi, akajaribu tena. Ikaruka tena.

"Ni kidogo tu," Gélase akasema, safari hii bila mzaha.

"Hicho kidogo kinafanya nyota iwe ndefu kama munyoo kwenye picha."

Akapunguza maharage hadi kilo tatu na nusu, uzito wa darubini ndogo pamoja na kamera. Sindano ikaenda sawasawa. Uthmani akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akichukua ndogo, mtaa mzima utauliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja.

Akapiga simu. "Houda, kamata ile ndogo."

"Apana, Baba, si ulitaka..."

"Stendi haina nguvu. Mi ndiye niliitengeneza vibaya."

Houda akazungumza na muuzaji, kisha akarudi simuni. "Muuzaji anasema lenzi ya ndogo ni safi zaidi. Nyota hazitoki na rangi ya zambarau pembeni. Kwa picha, hata yeye angekamata hiyo."

"Basi funga muzigo."

Gélase akainuka. "Na wakiniuliza mtaani, niseme nini?"

"Sema ulichoona," Uthmani akajibu, akaanza kufungua gia za stendi.