Nira Darasani

Bibi Kashinje alikuwa hajazoea kumwona mjukuu wake akishindwa na kitu. Nyanzala alichunga, alilima, alisoma mpaka akamaliza chuo cha ualimu, na sasa alikuwa anajitolea kufundisha Kiingereza kwenye sekondari ya kata, hapa hapa Kakese. Lakini Jumatano ile alirudi, akatua begi, akakaa kwenye kigoda na kuwakodolea macho kuku.

"Wamekucheka?" bibi akamuuliza.

"Heri wangenicheka, bibi. Wananiitikia tu. Nikiwapa maneno wanayakariri kama sala. Nikiwaambia, haya, tungeni sentensi, kimya. Kila mtu anaangalia viatu vyake."

Watoto wenyewe walikuwa wa kidato cha kwanza, wametoka shule za msingi Januari hiyo hiyo. Kwa wengi wao Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya Kisukuma au Kibende cha nyumbani na Kiswahili cha shule. Nyanzala alikuwa amefika kwenye vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kineno kidogo pembeni, na hapo ndipo gari lilipokwama. Na Ijumaa mkuu wa shule, Mwalimu Stanslaus, angekuja kukaa nyuma ya darasa. Akiridhika, Nyanzala ataendelea. Asiporidhika, kipindi atapewa mwingine.

Tena kulikuwa na maneno. Kwenye mkutano wa wazazi mtu mmoja alisimama akasema watoto wao hawawezi kufundishwa Kizungu na mtoto wa wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka Meatu. Bibi Kashinje alikuwepo. Alikumbuka zaidi kwamba mama Matilda, Mbende wa watu, alimshika mkono pale pale benchi na hakuuachia mpaka mkutano ukaisha.

Alhamisi, baada ya vipindi, Nyanzala alimkuta baba yake mdogo, Machibya, shambani akifundisha maksai wapya kulima. Machibya ni mtu wa haraka. Alikuwa amewafunga kwenye mti mmoja wa nira maksai vijana wawili, Kidumu na Mashaka, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuta plau. Kidumu akaenda kushoto, Mashaka akarudi nyuma, wote wakaishia kwenye karanga za jirani.

"Machibya!" bibi akapaza sauti kutoka kwenye tuta. "Wageni wawili nira moja?"

"Nilitaka nione, mama."

"Haya, umeona!"

Machibya akacheka mwenyewe, akamfungua Mashaka, akamleta Mstaafu, maksai mzee mwenye pembe iliyovunjika. Mstaafu hakuwa na papara. Alivuta kidogo, akasimama, akavuta tena, na Kidumu pembeni yake akajikuta anatembea. Mfereji ulikuwa umepinda, lakini ulikuwa mfereji.

Nyanzala alisimama akiwatazama mpaka wakafika mwisho wa shamba na kugeuka.

"Bibi," akasema, "na mimi nimefanya hivyo hivyo. Nimewapa watoto jozi za maneno mageni matupu, halafu nashangaa hawavuti. Kesho naanza na neno wanalolijua, nilifunge na kineno kidogo. Naomba nira ya babu."

Nira ile ilitoka Meatu na marehemu mzee. Kwao nira hailazwi chini watu wakairuka. Ikimaliza kazi inatundikwa.

"Nitaileta mwenyewe," bibi akasema.

Ijumaa aliingia darasani na mti ule begani. Kasichana kembamba, Skolastika, kalimpisha mlangoni, kisha kakafuta vumbi kwenye kiti kwa mkono wa sweta kabla bibi hajakaa. Nyanzala alishamwambia habari za mtoto huyo: tangu shule ifunguliwe hajasikika akisema neno. Bibi akamshukuru, naye akainamisha kichwa.

Mwalimu Stanslaus alikuwa ameshakaa nyuma, kalamu mkononi.

Nyanzala akamwita Evarist, mvulana wa miraba minne, akamweka shingo upande mmoja wa nira. "Wewe ni 'look'. Unafanya nini?"

"Natazama, madamu."

Akamwita Lucia, akamweka upande wa pili. "Huyu ni 'for'. Tembeeni. Sasa mnatafuta: 'I look for my pen.'" Akamtoa Lucia, akamleta mwingine. "Huyu ni 'after'. Sasa mnatunza: 'I look after the cows.' Maksai ni yule yule. Nini kimebadilika?"

"Mwenzake!" darasa likaitika.

"Na mwenzake akibadilika?"

"Kazi inabadilika!"

Evarist akalia "Mbuuu!" na watu wakavunjika mbavu. Bibi aliona kalamu ya mkuu imesimama.

Kisha Nyanzala akafunga 'pick' na 'up', kuokota, akaweka jembe mbele yao. Jembe, akawaambia, linaweza kufuata nyuma, 'pick up the hoe', au likakaa katikati, 'pick the hoe up'. "Lakini 'it', kineno cha kusimama badala ya jembe, ni ndama. Ndama wa jozi hii tunamweka wapi?"

"Katikati ya wakubwa!"

"'Pick it up!'"

"Ila si kila jozi inakubali kuingiliwa," Nyanzala akaendelea. "'Look after' hawataki mtu katikati. Kwao hata ndama anafuata nyuma: 'look after it'."

Walipomaliza, bibi alipokea nira yake. Kukaa nayo hakuwezekani, ni ndefu, na chini haiwekwi. Akabaki amesimama ukutani, ameikumbatia.

Mwalimu Stanslaus akainuka. "Vizuri. Sasa nataka sentensi moja ambayo mwalimu hajaisema. Ya kwako mwenyewe. Nani?"

Evarist akaangalia viatu. Bibi Kashinje aliona mkono wa Nyanzala ukiikamata meza.

Skolastika hakuwa anaangalia viatu. Alikuwa anamwangalia bibi. Akasimama polepole, akanyoosha kidole kwenye msumari juu ya dirisha.

"Grandmother is tired," akasema, sauti nyembamba. "The yoke is heavy. Please, hang it up."

Hakuna aliyemtafsiria Bibi Kashinje. Alifuata kidole, akauona msumari, akaenda akaitundika nira. Kisha akageuka na kukaa, na ndipo alipogundua kwamba ametii Kiingereza.

"'Hang it up' ilikuwa ubaoni?" mkuu akauliza.

"Haikuwepo, mkuu," Nyanzala akajibu, taratibu. "Ameifunga mwenyewe."

"Na ndama yuko katikati." Mwalimu Stanslaus akafunga daftari lake. "Madamu Nyanzala, wiki ijayo chukua na kidato cha pili. Wale nao wanahitaji nira."

Darasa likapiga makofi. Bibi hakupiga, mikono ilikuwa inafuta macho. Alimwita Skolastika akamshika kichwa, akamwambia kwamba aliyemfundisha kuona mzigo wa mtu mwingine kamfundisha vyema.

Nyumbani Machibya alikuwa anatoka shambani, plau imeshafunguliwa, nira ya pili mkononi, anatafuta pa kuitua.

"Hang it up," bibi akamwambia, akinyoosha kidole kwenye msumari wa ukutani.

Machibya akasimama na nira yake. "Mama, unasemaje?"

"Fuata kidole changu, utaelewa," akasema Bibi Kashinje, akaingia ndani kichwa juu.