Beberu wa Upande wa Kushoto

Kiharusi kilimwangusha Munyi lakini ulimi kiliuacha mzima, na huo ndio ulikuwa msiba wa mkewe. Kila mlo aliisukuma sahani. "Ciakuthii, tangu niugue unanipa nusu chakula. Unataka nife haraka uolewe Embu mjini?"

Ciakuthii alinyoosha mkono. Aliizungusha sahani tu, na githeri iliyobaki, mahindi na maharagwe, ikatokea pale palipokuwa patupu. Munyi akala huku akinung'unika kwamba nyumba imeingiwa na uchawi.

Aliyemfumbulia ni Nelius, mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka hospitalini. "Mzee, kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, na kuna cha mshipa kuziba. Wako uliziba, ubongoni, upande wa kulia. Ndiyo maana mkono na mguu wa kushoto vimelala. Macho yako ni mazima, ila ubongo umeusahau upande huo, kama mwenye wake wawili anavyomsahau yule wa kwanza."

"Mimi? Mimi ninayejua umri wa mbuzi kabla hajafungua kinywa? Uliza Kiritiri yote!"

"Wewe. Na leo umenyoa nusu ya ndevu."

Nelius akaanza kazi. Alikataza watu kumvuta ule mkono, bega lisije likateguka. Alimsimamisha, uzito wote ukilalia mguu mgonjwa, naye Munyi akamwita majina ya wanyama wa porini. Halafu Nelius akafanya ukatili mkubwa kuliko yote: alikihamishia kikopo cha ugoro upande wa kushoto. "Geuza shingo, mzee, hadi kidevu kiguse bega." Munyi akaapa hatageuza. Lakini ugoro ni ugoro.

Wakati huo binti yake Wanja alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kibugu, kwa wakulima wa chai. Munyi alikuwa ameshatangaza: wakileta mbuzi wa mahari wenye dosari, warudi nao, na harusi isahaulike. Na watu wa majani chai wanajua nini kuhusu mbuzi?

Siku ikafika. Mbuzi wakapangwa mstari mrefu mbele ya kiti chake. Mzee Mbaka, msemaji wa wageni, alisimama kulia kabisa na kusifu kila mkia. Munyi akapitisha macho: wanono, manyoya yanang'aa.

"Wazuri," akasema.

Wageni wakapumua. Kibuyu cha uji kikafunguliwa. Ndipo pua ikamwasha Munyi, mkono ukaenda kutafuta ugoro, na shingo ikageuka yenyewe hadi kidevu kikagusa bega.

Kumbe mstari ulikuwa unaendelea! Huku mmoja anachechemea, mwingine mbavu nje, na mwisho kabisa beberu mweusi mwenye sikio lililochanwa. Sikio hilo Munyi alilichana mwenyewe, kwa kisu chake, kama alivyofanya kwa kila mbuzi wa zizi lake. Beberu akamtambua bwana wake, akalia, akaja kumlamba goti lililolala.

Mbaka akatazama mawingu. Wanja, kibuyu mkononi, akaanza kukagua vidole vya miguu yake, na Munyi akaelewa. Nani mwingine angefungua zizi, na kuwaambia wageni upande asiouona?

Neno moja tu, na harusi imekufa. Ciakuthii alishika kifua. Munyi akavuta ugoro, akapiga chafya taratibu.

"Mbaka, hao wawili wagonjwa mtawabadilisha. Lakini beberu huyu! Sijaona mbuzi aliyelelewa vizuri hivi. Mmemtoa wapi?"

"Kule... kule juu kwetu, mkwe."

"Basi nimempenda sana. Nileteeni pacha wake, kutoka huko huko kwenu, na harusi iendelee."

"Ataletwa, mkwe," Mbaka akasema, akijifuta jasho. "Ataletwa."

Wanja akaja kumpa uji, akiinama upande wa kulia.

"Njoo kushoto," Munyi akamnong'oneza. "Siku hizi naona huko. Na huyo mrudishe zizini kabla hajazoea chai."