Daraja la Saa za Kazi

Wawira alikuwa fundi wa cherehani mjini Gaturuku, na Jumanne hiyo alifika kwenye kikao cha wananchi futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Meneja wa manispaa, Bwana Mwenda, alikuwa akisoma ripoti: taa za soko, choo cha stendi, daraja la miguu la mto Kirurumo. Yote yamekamilika.

“Hakuna daraja pale,” Wawira alisema. “Kulikuwa na magogo, na magogo yalibebwa na mvua ya Aprili.”

Mwenda aliangalia karatasi zake. Kamati ya Ujenzi ilikuwa imelipokea daraja, Bodi ikalipitisha, kaunti ikajulishwa.

“Mama Ireri,” alimwambia Wawira, “umeangalia vizuri?”

“Nimeangalia miaka sita.”

“Basi enda uangalie tena.”

Alienda moja kwa moja mpaka ukingoni, sare kumi na mbili za shule kichwani, na kwa hasira akakanyaga hewa, angalau apate la kuwaambia kwenye kikao kijacho. Hewa ikamshika. Ilikuwa ngumu kama saruji, na upana wake ulitosha watu wawili kupishana kwa ubavu. Chini yake maji ya kahawia yalipita na majani ya migomba. Alifika ng’ambo, akapeleka sare, akarudi.

Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa ukivuka. Wengi walilalamika kwamba mkandarasi alilifanya jembamba.

Jioni ya Ijumaa hiyo, saa kumi na moja na dakika nne, mwashi mmoja aitwaye Njuki alianguka mtoni na toroli lake. Jumatatu alichechemea mpaka manispaa. Caroline, karani wa Bodi, alimsikiliza mpaka mwisho.

“Daraja ni la manispaa,” alimweleza. “Manispaa hufungwa saa kumi na moja. Saa saba mpaka saa nane tuko lanchi.”

“Na wikendi?”

“Mzee, wikendi nani atakuwa ofisini?”

Njuki aliziandika saa hizo kwa rangi kwenye jiwe la ukingoni, na watu wakazizoea kama walivyozizoea saa za benki.

Jirani wa Wawira sokoni alikuwa Faadumo, muuza vitambaa, ambaye kila mtu alimwita Mama Sabirin kwa jina la bintiye. Jumamosi moja ya Novemba, saa tatu asubuhi, uchungu ulimshika wiki tatu kabla ya siku zake za kujifungua. Kituo cha afya kilikuwa ng’ambo ya mto. Kutoka ukingoni walimwona muuguzi akianika shuka. Wawira alitanguliza mguu, ukazama. Maji yalikuwa yamefika kifuani, na hakuna aliyethubutu kumbeba mama mjamzito ndani yake.

Wakazunguka kwa barabara ya lami, kilomita kumi na tisa, nyuma ya pikapu ya kubebea majani ya muguka ya kutafuna. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya magunia, karibu na machimbo ya mawe. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Wawira aliandika barua kuomba daraja la kweli. Msimamizi wa wadi aliipeleka kwa meneja, meneja akaipeleka Kamati ya Ujenzi. Ujenzi wakasema hayo ni ya Kamati ya Mipango. Mipango wakajibu kwamba sheria hairuhusu daraja kujengwa mahali penye daraja, wakaipeleka kwa Bodi. Mwakilishi wadi alisema kazi yake ni kusimamia, si kujenga. Miezi mitano ikapita kabla wananchi hawajaitwa tena ukumbini.

“Tunaweza kulifuta kwenye kumbukumbu,” Mwenda aliwaambia, akijipangusa uso. “Lakini tukilifuta, hata Jumatatu halitakuwepo. Halafu tuombe jipya, liingie kwenye mpango wa miaka mitano ijayo, kaunti ikikubali.”

Faadumo alisimama. “Lifuteni. Andikeni ukweli, kwamba halipo.”

Kisha mama mmoja wa nyuma akasema, “Mama Sabirin, pole sana. Lakini kesho mimi nitapita wapi na maziwa?”

Mwenda akapendekeza njia ya katikati: Caroline awe akifungua ofisi Jumamosi, mpaka saa sita na nusu. Wanaokubali wainue mkono.

Wawira alikuwa amekuja kumsemea Faadumo. Maneno alikuwa ameyapanga tangu Jumapili, akayarudia akishona. Lakini shule ya ng’ambo ilikuwa ikimngojea na sare arobaini, na mikono ilikuwa ikiinuka kushoto na kulia. Wake ukainuka pia, si wa kwanza wala wa mwisho. Faadumo alikaa, mikono yake ndani ya shuka aliyojitanda.

Caroline akaandika: wananchi wamekubali kwa kauli moja.

Kesho yake, akiwa katikati ya mto na sare kichwani, Wawira alimwona Faadumo akipita kando ya mto na furushi la vitambaa mgongoni, akielekea barabara ya kuzunguka.

“Mama Sabirin! Kuja tupite hapa!”

Faadumo aliinua mkono, akamwamkia vizuri, akauliza hali ya watoto, akaendelea na safari yake.

Wawira aliangalia simu. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tatu. Akaongeza mwendo.