Mezani kwa Bi Ernestine

Kabla ya saa nane mchana Lavelle Guidry alikuwa ameshakula kwenye nyumba mbili, na sasa Bi Ernestine Pettway alikuwa anampakulia sahani ya tatu: shingo za nguruwe zilizochemka mpaka nyama ikaachia mfupa, maharage na mkate wa mahindi. Sahani haikataliwi. Kusini mwa Mississippi, kocha aliyekuja kuomba mtoto wa watu akachezee chuo akisema ameshiba, afadhali arudi zake. Mama atalikumbuka hilo kuliko vikombe vyote ambavyo chuo kimewahi kushinda. Lavelle alikuwa na vidonge vya kiungulia mfukoni na miaka kumi na tisa ya kula namna hii.

"Kula, Kocha. Unakonda."

"Ukiendelea kunilisha hivi, Bi Ernestine, wiki ijayo nitavaa hema."

"Hema la saizi yako utalipata wapi?"

Akacheka, maana kucheka nako ni kazi, na hii ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya kutembelea nyumba za watu. Mtoto wa Bi Ernestine, Kendarius, alikuwa kazini kwenye duka la matairi. Kilo mia na thelathini, na mbio juu. Lavelle alikuwa kocha wa safu ya mbele ya ulinzi, yaani wale vipande vya watu wanaoinama mstarini na kugongana na wenzao kila mchezo unapoanza, katika ule mpira wa helmeti ambao kule ni dini ya pili. Kwa Kendarius alikuwa amekuja na kurudi miaka miwili.

Jumatano asubuhi mtoto na mzazi wangetia saini karatasi ya kujifunga na chuo, nacho chuo kingemlipia ada, na kuituma kwa faksi. Ikishafika, imefika. Mtoto akitaka kuhama baadaye, atakaa mwaka mzima bila kucheza. Kocha yeye anaweza kuhama kesho yake, na hakuna wa kumuuliza. Ndiyo sheria, na walioitunga wanalala usingizi mnono.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mkuu wa makocha, Rusk Hollander, asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo alikuwa amemwambia Lavelle toka, mlango umefungwa, tumbaku imejaa shavuni, kikombe cha karatasi mkononi cha kutemea mate.

"Alhamisi namtangaza kocha mpya wa safu yako," Hollander alisema. "Kijana mmoja wa Texas. Siyo mimi, bwana, ni wafadhili." Akatema.

"Na hawa watoto? Wanakuja kwa sababu yangu."

"Ndiyo maana nimesema Alhamisi, sijasema leo." Akatema tena. Kimate kikabaki kinaning'inia kwenye ndevu, naye hana habari. "Niletee Pettway. Ukimleta, Jumatatu nampigia simu rafiki yangu wa Oklahoma, anatafuta mtu. Usipomleta, nitamwambia nini kukuhusu?"

Katika kazi hii hakuna barua ya maombi. Mkuu mmoja anampigia mwenzake, basi, umeajiriwa. Simu isipopigwa, mzee wa miaka hamsini na mmoja aliyepitia vyuo kumi na kimoja anakwenda kupuliza filimbi kwenye shule ya msingi, akiipata. Mkewe, Odette, aliacha kuhama naye walipotoka chuo cha saba. Alisema anataka kuishi na mapazia yaleyale zaidi ya miaka miwili. Na kazi hii ya sasa Lavelle aliipata kwa njia hiyohiyo, siku ya Alhamisi, kiti cha mwenzake kikiwa bado na joto. Hakuuliza yule mwenzake kaenda wapi. Nani huuliza?

Bi Ernestine alifuta mikono, akaketi mbele yake.

"Kocha, nina swali. Unijibu kama mtu aliyekula kwangu mara nne."

"Uliza, mama."

"Mwanangu hajachagua chuo. Anakufuata wewe. Baba yake hayupo, unajua. Agosti, akianza chuo, utakuwepo?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nitamtunza kama wa kumzaa mwenyewe, mama. Alikuwa amelitoa kwenye majiko ya watu mara hazihesabiki, linateleza lenyewe. Safari hii halikuteleza. Alichukizwa na Hollander na kikombe chake, akachukizwa na fulana ya chuo iliyombana kitambi, na zaidi ya vyote akachukizwa na ulimi wake mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Alhamisi wananiondoa. Nimeambiwa leo asubuhi."

Bi Ernestine alihesabu siku kwa vidole.

"Asaini Jumatano, wewe uondoke Alhamisi."

"Ndiyo."

"Na umekuja kwangu kufanya nini?"

"Kumchukua."

"Haya. Basi wapigie wale wa Chuo cha Cane Bluff. Wale uliomwambia awakatalie mwezi wa kumi na mbili, ukasema mwanamume ana neno moja."

Lavelle alipiga palepale, akaiweka simu mezani, spika ikiwa wazi. Kocha wa Cane Bluff alikuwa mtu wa adabu.

"Guidry, ndugu yangu, ile nafasi nilishampa mtoto mwingine. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia nisipoteze muda kwa Pettway."

Simu ikakatika. Bi Ernestine hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo ukweli wako haunisaidii kitu. Umejitua mzigo, ukanitwisha mimi."

"Nisamehe, Bi Ernestine."

"Atasaini. Ada ya chuo nitaitoa wapi? Na mimi nitasaini. Tena sitamwambia mpaka Alhamisi ifike, angalau hizi siku tano afurahi, maana hajawahi kupata kitu chake. Unaona ulichonifanya? Sasa mimi ndiye ninayemdanganya mwanangu."

Aliiondoa sahani, nusu ya chakula ikiwa bado ipo.

"Inuka mezani kwangu."

Lavelle aliinuka. Alikuwa hajatoka hata kwenye mtaa ule Hollander alipopiga.

"Vipi Pettway?"

"Atasaini. Na mama yake pia."

"Nilijua tu. Ulimwambia nini yule mama? Watu wote wanasema ni jiwe."

"Nilimwambia ukweli. Kwamba Alhamisi mnanifukuza."

Hollander akaangua kicheko. Alicheka mpaka tumbaku ikampalia, akakohoa, akatema, akaanza kucheka tena.

"Lavelle, bwana wee," alisema alipopata pumzi, "umemnasa mama kwa ukweli! Huna mpinzani. Jumatatu, jambo la kwanza, nampigia yule wa Oklahoma."

Lavelle akamshukuru.