Gurudumu la Nyuma

Kuogelea Warda alijua, tena kuliko wanaume wengi wa mtaa wao wa Rasbura. Mbio nazo alizijua tangu mdogo. Kilichomtia wasiwasi kilikuwa baiskeli.

Mashindano yenyewe yalikuwa mageni mjini Lindi. Mtu anaogelea kwenye ghuba, akitoka majini anapanda baiskeli mpaka Mingoyo na kurudi, akishuka anaanza kukimbia kuzunguka mji, yote kwa mfululizo. Gari la matangazo lilipita likisema kwamba kila msichana atakayemaliza, hata akiwa wa mwisho, atachukuliwa kwenye kambi ya mazoezi kule Kilwa Masoko, atalishwa, atafundishwa, na baadaye atapelekwa kwenye mashindano makubwa. Warda alikuwa barabarani anakaanga mihogo. Alisikiliza mpaka gari likapotea, na mihogo ikaungua.

Hakumwambia mtu. Alikuwa wa maneno machache, akisalimiwa na mgeni anaangalia vidole vya miguu yake. Mtu mmoja tu hakumwonea haya, naye ni Haruna, mtoto wa mjomba wake, fundi baiskeli mwenye banda karibu na stendi. Katika ukoo wao watoto wa kaka na wa dada ni watani. Wanaitana mume na mke bila ndoa, hawapeani shikamoo, wanatukanana mbele ya wakubwa na wakubwa wanacheka. Mtani anaweza kuja kwako akabeba kuku wako, akamla, na wewe huna kesi. Utangoja siku yako, nawe uchukue chake. Anayekasirika ndiye anayeonekana hana malezi. Mwaka uliopita, Haruna aliposahau kumletea zawadi ya Idi, Warda alikwenda kwake na mkokoteni akabeba godoro, na Haruna akalala kwenye mkeka mpaka aliponunua kanga.

"Mume wangu," Warda alimwambia siku ile, "nataka baiskeli ya mbio."

"Unataka kunikimbia?"

"Wewe wa kukimbiwa kwa baiskeli? Nikitembea tu hunipati."

Haruna alicheka, lakini alipoelezwa habari ya kambi aliweka spana chini akasikiliza. Warda alimwonyesha fedha alizotumiwa na mama yake kutoka kijijini Kikole, fungu lake la korosho baada ya mnada. Haruna alizitazama bila kuzigusa.

"Mpya usahau," alisema. "Hata nikijiuza mimi na banda langu hatuipati. Tutaunga. Sasa nisikilize. Fedha hii inatosha kitu kimoja kizuri. Vingine vyote viwe vya kufaa tu. Ukitaka kila kitu kiwe kizuri, utapata kila kitu kibovu."

Nyuma ya banda kulikuwa na lundo la baiskeli za mtumba zilizoletwa na lori kutoka Dar. Walilichambua siku nzima. Warda alikimbilia yenye giya nyingi, Haruna akamnyang'anya. Giya nyingi, alisema, ni za mtu aliyezoea kuzibadilisha, na zikiharibika hapa Lindi hakuna vipuri. Mgeni wa mambo haya anatosheka na chache, mradi iwemo moja laini ya kupandia kilima. Kwenye fremu hakumruhusu kuchagua rangi. Alimsimamisha juu ya kila moja, miguu huku na huku, mpaka walipopata ya chuma, nyembamba, iliyochubuka, lakini ya kimo chake.

"Hii mbaya," Warda alisema.

"Hata wewe, na nimekuoa."

Usukani uliopinda kama pembe za mbuzi waliutoa kwenye baiskeli nyingine. Kiti kilikuwa cha zamani, chembamba. Viatu vya kunasa kwenye pedeli Haruna alivikataa kabisa; aliweka pedeli za kawaida na kuzifunga mikanda ya ngozi. Mpira wa breki ulinunuliwa mpya, kwa sababu breki, alisema, haina mtumba. Kile kitu kimoja kizuri kikawa gurudumu la nyuma.

"Mwili wako umekaa hapa," alisema akilipigapiga. "Nguvu yote ya miguu inapita hapa. Mbele weka chochote kinachozunguka."

Rimu yake ilikuwa ya aluminiamu, nyepesi kama sahani. Ukilizungusha linaendelea lenyewe, kimya, mpaka unachoka kulitazama. Lilikuwa limepungukiwa spoku tatu. Haruna alitafuta za kipimo kile akapata nyeusi tu, akamwachia Warda azipachike mwenyewe huku akimshika mkono na kumwonyesha namna ya kukaza kidogo kidogo. Lilipokaa sawa bila kuyumba, Warda alijikuta anacheka peke yake.

Baada ya hapo, kila alfajiri Haruna alikuwa nyuma yake barabarani na baiskeli yake ya kubebea mizigo, akimpigia kelele abadilishe giya, asiinue kichwa, asiogope malori. Wapita njia waliwaona wakitukanana mpaka Ngongo. Warda aliona kwamba hajawahi kuwa na mtu wa kumwamini namna ile.

Siku chache kabla ya mashindano alimkuta Lukas bandani. Lukas alikuwa kijana wa ofisini, mpole, naye amejiandikisha. Baiskeli yake nzuri ilitoka Dar, lakini ameingia kwenye shimo na rimu ya nyuma imekunjika.

"Lindi nzima hakuna ya namna hii," Haruna alikuwa anamwambia. "Labda uagize."

"Haitawahi," Lukas alisema.

Warda alimwonea huruma. Aliondoka na baiskeli yake taratibu, asionekane kama anajivuna.

Mchana wa kuamkia mashindano Haruna alimwambia aiache bandani. "Nikaze nati zote. Mke wangu asije akaanguka mbele za watu, waseme mumewe fundi wa uongo." Warda akaiacha.

Asubuhi aliingojea ufukweni mpaka waogeleaji wakaitwa kwenye mstari. Ndipo akamwona Haruna anaifikisha, anaiegemeza pamoja na za wenzake, na kumpungia mkono. Warda naye alipunga, roho ikatulia, akaingia majini.

Alitoka wa kwanza katika wasichana, na mbele yake walikuwa wanaume wachache tu. Watu walipiga vigelegele kwa jina lake. Hakuona haya wala hakutazama chini. Alivaa viatu, akapanda, akaondoka.

Baiskeli ilikuwa nzito. Alidhani ni maji mwilini. Alidhani ni woga. Alipita nyumba za mwisho za mji akijiambia miguu itazoea, lakini kila akiacha kukanyaga baiskeli inapunguza mwendo kama imeshikwa kwa nyuma. Kwenye kilima cha kwanza alitafuta ile giya laini. Mnyororo ulipanda, ukafika mwisho, na giya laini haikuwepo. Alisimama juu ya pedeli akaanza kupanda kwa uzito wa mwili.

Hapo Lukas akampita. "Kaza, dada," alisema, na hakuwa na ubaya wowote. Gurudumu lake la nyuma lilipita mbele ya macho ya Warda bila sauti. Ndani yake zilikuwa spoku tatu nyeusi.

Warda aliinama akatazama kati ya miguu yake. Tairi ilikuwa ile ile yake, lakini rimu ilikuwa ya chuma, yenye kutu iliyopakwa rangi ya fedha, na ile giya laini imeondoka pamoja na gurudumu lake. Hakushuka. Alifika juu ya kilima, akateremka, akapanda kingine. Kabla ya Mingoyo spoku moja ilikatika, gurudumu likaanza kuyumba na kusugua breki. Alilegeza breki akaendelea. Ikakatika nyingine, kisha kadhaa kwa pamoja, na gurudumu likapinda likakataa kuzunguka.

Aliibeba begani akatembea. Wasichana aliowaacha majini walimpita mmoja mmoja, wakimpa pole. Mwishowe likaja gari la waandaaji, na mwanamke aliyekuwa ndani akamwambia kwa upole kwamba muda wa baiskeli umekwisha, apande. Warda alipanda.

Kwenye mstari wa kumalizia alimtafuta Haruna hakumwona. Alimwona Lukas, amekaa chini, anakunywa maji.

"Hilo gurudumu umelipata wapi?" Warda alimuuliza. Hata yeye alishangaa kusikia sauti yake.

"Kwa Haruna. Alisema ni la ndugu yake, ameacha mashindano." Lukas alimtazama vizuri, akatazama na baiskeli iliyopinda. Akaweka chupa chini. "Basi ni wewe."

Warda aliibeba tena baiskeli yake. Alikwenda nyumbani kwa bibi yao.

Haruna alikuja alasiri, anasukuma baiskeli yake mwenyewe. Uani palikuwa na bibi na wanawake wawili wa jirani wanachambua mchele.

"Hodi wenye nyumba," alisema kwa sauti kubwa. "Nimesikia mke wangu amerudishwa kwa gari kama waziri."

Majirani walicheka. Warda alikuwa amekaa kwenye kizingiti, hakucheka.

"Haruna," bibi alisema, "umechukua gurudumu la mwenzio?"

"Nimelichukua, Bibi. Si mtani wangu? Yeye alipobeba godoro langu nilikwenda polisi? Haya, nimeleta baiskeli yangu. Aichukue, tumalizane."

"Mchukulie, Warda," jirani mmoja alisema. "Mwache atembee kwa miguu mpaka akome." Wakacheka tena.

"Kwa nini?" Warda aliuliza.

"Kwa nini nini?"

"Ulikuwa na mwaka mzima wa kuchukua kitu changu. Kwa nini jana?"

Haruna alikuna shingo. "Lukas alikuwa na shida. Na alitoa fedha nzuri, nilitaka nikugawie." Aliona swali halijajibiwa, akaongeza kwa sauti ya chini kidogo, "Tena, mke wangu, mimi nilijua hutaifikia baiskeli. Maji yale, watu wale wote, na wewe mtu akikuita jina tu unatetemeka. Nilidhani utaishia majini au utarudi kabla hujaingia. Nikasema gurudumu zuri likae limeegemezwa bure, na mwenzetu anahangaika?"

Alisema kama mtu anayeeleza jambo la busara.

Warda aliutazama mkono wa Haruna, ule uliomshika wakati wa kukaza spoku. Alizikumbuka alfajiri zote. Kumbe Haruna alikuwa anamfundisha mtu ambaye moyoni ameshamwondoa mashindanoni. Alimchagulia fremu ya kimo chake, alimpigia kelele asiogope malori, na wakati wote alikuwa anacheza tu. Kambi ya Kilwa ilikuwa imekwenda, lakini kilichomuuma zaidi kilikuwa hicho.

Baiskeli ya Haruna ilikuwa mbele yake. Angegusa tu usukani, mambo yangekwisha. Wote wangecheka, gurudumu lingekuwa kama kuku, kama godoro, na kwenye harusi ijayo Haruna angesimulia watu washike mbavu. Na yeye angelazimika kucheka nao.

Alisimama akafunga kanga vizuri. Alimwendea, akapiga goti kidogo kama mtu anavyofanya kwa mkubwa wake, akatazama chini.

"Shikamoo, kaka Haruna."

Wanawake waliacha kuchambua mchele.

"Ee, usinifanyie hivyo," Haruna alisema. Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. "Wewe mke gani unamwamkia mumeo?"

Warda hakuinuka. Alingoja.

Haruna alimgeukia bibi. Bibi alikuwa anamtazama mjukuu wake wa kike, na uso wake umekunjamana kwa uchungu, kwa sababu alielewa kinachokatwa pale.

"Umeamkiwa," alimwambia Haruna. "Itikia."

"Marahaba," alisema, kama mtu anayetapika.

Ndipo Warda akainuka. Alileta kiti, kile cha wageni, akamkaribisha. Alileta wali kwenye sinia, umefunikwa kwa kawa safi, akaweka mbele yake. Haruna, ambaye katika nyumba ile tangu mdogo huingia jikoni mwenyewe na kukwangua ukoko sufuriani, alikaa wima kwenye kiti, mikono magotini. Warda alikuja na birika na bakuli la kunawia.

"Nitukane basi," Haruna alimnong'oneza. "Warda. Nitukane hata kidogo."

"Siwezi, kaka. Wewe ni mkubwa wangu."

Akamimina maji, akangoja anyooshe mikono.