Kanga ya Benchi la Pili

Kila Jumapili Bibi Raheli alitandika kanga nyekundu kwenye benchi la pili, upande wake wa kushoto. Aliyetaka kukaa hapo aliambiwa kwa upole, "Pana mtu."

Mtu huyo alikuwa Devota, mdogo wake, ambaye hakuwa amekaa hapo miaka mitatu, tangu usharika wao wa karibu na Mtera ulipogawanyika. Askofu alileta mchungaji mpya bila wao kuulizwa. Wengine wakasema ndivyo kanisa lilivyo, mchungaji hutumwa. Wengine wakasema kanisa ni waumini, nao ndio wachague. Raheli alibaki. Devota akaondoka na kundi la Mzee Yoramu, wakawa wanasali kwenye banda la mabati ng'ambo ya barabara. Hawakutukanana. Devota bado alileta samaki, perege wakavu, akawaachia wajukuu wa dada yake mlangoni. Ila ndani hakuingia.

Jumapili ya kipaimara askofu alikuja, kanisa likajaa mpaka nje. Abeli, mzee wa kanisa, akamwinamia Raheli.

"Shikamoo, bibi. Tuondoe hii kanga, wageni wamesimama."

"Marahaba, baba. Pana mtu."

"Bibi, mtu wako ana kanisa lake kule. Alishachagua."

"Alichagua mchungaji. Mimi hakunikataa."

Abeli akaitazama kanga, akamtazama askofu. Kisha akampa mgeni kiti chake mwenyewe, akasimama ibada nzima ameegemea ukuta. Raheli aliliona hilo, akaliweka moyoni. Lakini kila wimbo ulipofika penye sauti ya pili, ile ya Devota, alisikia pengo.

Ibada ilipokwisha akavuka barabara, kanga kwapani. Kule bandani walikuwa bado wanaimba. Alitaka kusimama dirishani tu, amsikie.

Akachungulia. Devota alikuwa benchi la pili. Upande wake wa kulia ilikuwa imetandikwa kanga nyekundu, kipande cha pili cha doti waliyogawana mama yao alipofariki.

Raheli akaenda mlangoni. Mzee Yoramu alikuwa amesimama hapo.

"Raheli, askofu wako anajua uko huku?"

"Hajaniuliza."

Yoramu akacheka kidogo, akampisha.

Devota hakugeuka, labda aliijua miguu ya dada yake. Aliinua kanga, akaikunja mapajani.

"Umechelewa, dada."

"Barabara pana ile."

Raheli akaketi. Wimbo ulikuwa umebakiza beti mbili.