Kinu Juu ya Shimo

Kwa siku tatu Sikudhani alisikia mtu akitwanga chini ya miguu yake. Sauti ilikuwa nyepesi, tena ya polepole, kama mchi ndani ya kinu cha mti. Ilikuja mchana, wakati joto la Kolwezi hulaza hata kuku na vumbi la unga huelea katika mwanga wa mlango. Mwanzoni alidhani ni marehemu mama yake, aliyezikwa Kasongo, amekuja kutwanga mahindi katika usingizi wa bintiye. Siku ya nne alilaza sikio kwenye saruji. Alisikia chuma kikigonga jiwe. Ndoto haina sururu.

Mashine yake ya kusaga ilikuwa ya mwisho mtaani. Nyumba nyingine zilikwisha kupasuliwa tumbo. Sebuleni, jikoni, hata chini ya vitanda, watu walichimba wakifuata mawe meusi yenye kobalti, kisha wakala unga uliotoka Zambia. Sikudhani alisaga mahindi ya Sandoa, yaliyoletwa na lori la kaka yake Hassani. Miaka tisa alijinyima ili ainunue ile injini.

Alivuka ua, akamkuta jirani yake Modeste ameketi kwenye mdomo wa shimo, katikati ya kilichokuwa chumba cha wageni. Mkewe, Marie, alikuwa akichambua majani ya muhogo kando yake.

— Tata Modeste, unachimba wapi?

— Kwangu, mama. Si unaona?

— Mulango iko kwako. Shimo iko chini ya mashini yangu.

Modeste alijikuna shingo.

— Jiwe haijue mupaka. Mi niko naifuata tu, sawa vile mutu anafuata muke yake kwa baba mukwe.

— Muke yako iko hapa, alisema Marie bila kuinua macho. Na hakuna siku ulinifuata.

Modeste alicheka, kisha akaacha kucheka. Alieleza kwamba chini ya kinu ilibaki nguzo moja ya jiwe lenye kobalti, ndiyo iliyobeba sakafu, nene kama ng'ombe, tena nzuri kuliko mawe yote waliyoyatoa. Yeye na wenzake watano walipanga kuikata kesho.

— Usiwashe mashini, mama. Ikitetemeka, tutazikwa.

— Na mukiikata, mashini itawafuata huko chini. Muiache.

— Mi nikiiacha, Ntambwe, mwenye anachimba nyuma yako, ataikamata. Shimo yake inakuja upande ule. Hapa, chenye unaacha leo, kesho haukikute.

Sikudhani alirudi, akaketi juu ya gunia karibu na kinu kilichonyamaza, na joto likamfumba macho. Aliona mji wote ukielea juu ya utupu, mwepesi kama kibuyu kikavu. Aliwaona watu wamezunguka sinia moja kubwa. Walikula mbiombio, kila mmoja akilitazama tonge la mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyejua sinia litaondolewa lini. Hakuna aliyeweka mbegu kando. Mbali, ng'ambo ya mpaka, mtu asiyemfahamu alikuwa akifukia punje za mahindi. Mtu yule hakuwa na jiwe zuri kuliko la Modeste. Alikuwa na jambo moja tu: aliamini kwamba mwezi wa mavuno ungemkuta yeye mwenyewe shambani.

— Mama! Mashini imekufa? Utuambie tulete kilio!

Alikuwa Adèle, mteja wake wa kila siku, akigonga beseni la mahindi mlangoni. Sikudhani alifumbua macho. Alisimama, akauvua mkanda wa mpira uliounganisha injini na kinu, akautia begani, akampita Adèle na kuvuka ua.

Aliuweka mkanda magotini pa Modeste.

— Bila huu, mashini yangu ni chuma tu. Mukanda ukae kwako. Asubuhi mukitoka bote shimoni, unaniletea mukanda pamoja na kamba yenu ya kushukia. Nasaga mpaka saa sita. Kisha nakurudishia kamba na mukanda, munashuka. Hakuna mwenye anaweza kutumika kazi bila mwenzake kujua.

— Na nguzo?

— Inabakia. Kila juma unapata beseni ya unga, maisha yote ya mashini.

— Na Ntambwe, nani atamuzuia?

— Weye. Leo nguzo ni ya mwenye mbio. Kesho itakuwa yako, maana itakulisha kila juma.

Modeste aliupima mkanda mkononi kama anayepima samaki. Hakusema ndiyo, wala kamba hakuitoa. Marie ndiye aliyeuchukua mkanda na kuutundika msumarini. Sikudhani alirudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa ametangulia kutoa, na hakujua kama angepata.

Asubuhi wanawake walipanga mstari. Saa moja ilipita. Chini ya saruji sauti ziligonga, nyingi, za haraka. Sikudhani alishika fremu ya mlango. Saa mbili sauti zilikoma.

Modeste alitokea uani, tope mpaka kifuani, mkanda shingoni na kamba mkononi. Nyuma yake walikuja wachimbaji watano.

— Tumeziba upande ya Ntambwe na miti, alisema. Na nguzo tumeizungushia miti ingine. Ametutukana mpaka amechoka. Beseni yangu ya kwanza iko leo?

— Panga mustari, tata! alifoka Adèle.

Modeste alimkabidhi Sikudhani mkanda na kamba, akaenda mwisho wa mstari. Sikudhani alihesabu vichwa: sita, wote juu ya ardhi. Aliurudisha mkanda kwenye injini, akavuta uzi wa kuwashia. Injini ilikohoa, ikashika. Wanawake na wachimbaji waliinamisha macho wakatazama sakafu kuona kama itahimili, na unga ukaanza kushuka.